Shingo Tano za Mkunazini, Tukizitazama Kutoka Mweru

Ndugu msikilizaji, popote ulipo kando ya Ziwa Mweru, iwe Puta, Kashikishi, Pweto au Kilwa ya upande wa Kongo, nina ombi dogo. Kama ndani ya nyumba kuna noti ya kwacha, ya zile tulizozizoea miaka na miaka, naomba uitoe uigeuze nyuma. Utamwona mwanamume amesimama, mikono ameiinua juu ya kichwa, ameshika mnyororo uliokatika. Huyo ndiye yule wa sanamu iliyosimamishwa Lusaka, kando ya Independence Avenue, mwaka 1974, Zambia ilipotimiza miaka kumi ya uhuru. Sisi tulio mbali na Lusaka tumemjua kwa njia ya mfuko. Tumemtumia kulipia nauli, tumemtumia kununulia chumvi na sabuni, na tumemkunja mara nyingi kuliko tulivyomtazama.

Sanamu ya namna hiyo haikusumbui kuhusu mahali pa kusimama. Iko juu, wewe uko chini, unainua macho. Ukimtazama kwa mbele au kwa ubavu, ukiwa mrefu au mfupi, ujumbe ni ule ule: mnyororo umekatika. Nami sina neno baya juu yake. Nchi iliyojikomboa ina haki ya kuinua mikono.

Lakini upo mnyororo mwingine, haukukatika, na haukuwekwa juu ya kichwa cha mtu. Umewekwa chini ya nyayo zako, ndani ya shimo, mahali unapoweza kupita usiuone. Uko Unguja, katika mtaa wa Mkunazini, Mji Mkongwe, kwenye uwanja wa Kanisa Kuu la Kianglikana. Mnyororo huo ni sehemu ya sanamu, na aliyeitengeneza ni mchongaji wa Kiswidi, Clara Sörnäs, mwaka 1998. Ni watu watano wa zege, waliofungwa shingo kwa shingo. Leo nataka tuizungumze sanamu hii kutoka huku kwetu Chienge, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka ilipo, kwa sababu naamini sisi wa Mweru tuna haki nayo kuliko watalii wanaoipiga picha kila asubuhi.

Nianze na namna ya kuifikia, kwa maana hapo ndipo penye ufundi wake.

Ukiingia uwanjani, kitu cha kwanza kinachokukamata ni kanisa lenyewe, refu, na mnara wake. Macho yanapanda. Kila jengo kubwa la ibada limejengwa ili macho yapande, na ndivyo ilivyo hapo. Wakati huo sanamu huioni. Hakuna jukwaa, hakuna nguzo, hakuna kitu kilichosimama kati ya mimea na ukuta kinachokwambia kuna kumbukumbu hapa. Ukisogea ndipo unapoona vitu vya rangi ya kijivu vimejitokeza usawa wa ardhi, na kwa mbali si rahisi kusema ni nini. Vingeweza kuwa mawe tu yaliyoachwa na mafundi. Hatua chache zaidi, mawe yanakuwa vichwa. Hatua nyingine, vichwa vinapata mabega. Unafika ukingoni, unatazama chini, na watu watano wako mbele yako ndani ya shimo la pembe nne, kuta zake za mawe, nyuso zimeelekea huku na huku.

Sasa sikiliza jambo lililotokea. Hakuna aliyekusukuma, hakuna aliyekuelekeza pa kusimama, lakini umejikuta umesimama juu, mikono labda mfukoni au nyuma ya mgongo, unawatazama watu waliofungwa kutoka juu kwenda chini. Unatazama yupi mrefu, yupi mfupi, yupi ana mabega mapana. Unawapita mmoja mmoja kwa macho. Na uwanja ulioukanyaga ndio uwanja lilipokuwa soko la watumwa la Unguja. Yaani umesimama aliposimama mnunuzi, na macho yako, bila kukusudia, yamefanya kazi ile ile ya macho ya mnunuzi.

Hilo ndilo jambo ambalo sanamu ya juu ya jukwaa haiwezi kulifanya. Sörnäs hakuchonga watu watano tu. Amechonga na mahali pa kusimama mtu wa sita. Shimo ni sehemu ya sanamu. Ukingo wa shimo ni sehemu ya sanamu. Mtazamaji naye ameingizwa kazini kabla hajaombwa ruhusa.

Na hakuna njia ya kutoka kwenye nafasi hiyo isipokuwa kuuteremsha mwili wako. Ukichutama ukingoni, mambo yanageuka. Nyuso zinakuja karibu na uso wako, huwahesabu tena, unamtazama mmoja. Unaona zege halikulainishwa: lina ukwaruzo, lina mashimo madogo, mvua za Unguja zimeacha michirizi myeusi. Wachongaji wengi wangelipiga msasa mpaka ling'ae, na ingekuwa hasara, kwa kuwa ule ukwaruzo ndio unaozuia watu hawa wasiwe warembo. Mtoto mdogo akisimama pale yuko karibu nao kuliko mzazi wake. Ndiyo maana nasema, kama utawahi kumpeleka mtoto Mkunazini, usimbebe. Mwache asimame kwa miguu yake, kisha nawe uchutame kando yake.

Mnyororo nao si wa zege. Ni chuma, na wenyeji wa mahali hapo hueleza kwamba ni mnyororo wa kweli wa enzi za biashara ile. Tazama jinsi mchanganyiko huo unavyofanya kazi machoni. Miili ni mfano; imetengenezwa juzijuzi, kila mtu anajua. Lakini kilichoifunga ni kitu halisi, chuma kile kile, uzito ule ule. Kwa hiyo jicho halipati pa kupumzikia. Ukitaka kujiambia "hii ni sanamu tu," chuma kinakukatalia.

Kanisa lenyewe lilijengwa juu ya soko kwa makusudi. Na tarehe zake zinatuhusu sisi wa nchi hii kwa karibu sana. Mwaka 1873, tarehe 1 Mei, David Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, kusini ya Ziwa Bangweulu, hapa hapa Zambia. Tarehe 5 Juni mwaka huo huo, Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kulifunga soko. Siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi likawekwa, chini ya Edward Steere, ambaye baadaye akawa askofu na ambaye wasomi wa Kiswahili wanamfahamu kwa vitabu vyake vya sarufi na hadithi. Wakati jiwe linawekwa, Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao walikuwa bado njiani na maiti yake, wakitembea kwa miguu kuelekea Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Moyo wake walikuwa wameuzika chini ya mti pale Chitambo. Na leo ukiingia katika kanisa la Mkunazini utaonyeshwa msalaba uliotengenezwa kwa mti huo.

Kwa hiyo kipande cha mti wa Zambia kiko ndani ya kanisa, kimetundikwa, kina maelezo yake na jina la mtu wake. Na watu wa Zambia na Kongo, kama wamo, wamo nje, ndani ya shimo, bila jina hata moja.

Nimesema "kama wamo," kwa sababu nataka tuwe wakweli. Si kila aliyefungwa kando ya ziwa hili alifika Unguja. Wengi walibakizwa njiani, wakalima mashamba ya wafanyabiashara, wakaolewa kwa nguvu, wakabebeshwa pembe za ndovu kisha wakaachwa. Wengine walielekezwa upande wa pili kabisa, magharibi, kwenda Angola, kupitia nchi ya Msiri, mtawala wa Garanganze. Lakini njia ya mashariki ilikuwepo, na ilipita katika ardhi tunayoikanyaga. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alimpiga Nsama wa Itabwa, mtawala aliyeogopwa katika nchi iliyo kati ya Mweru na Ziwa Tanganyika, akaondoka na pembe nyingi na mateka. Habari hizo amezisimulia mwenyewe kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake. Mwaka huo huo, tarehe 8 Novemba, Livingstone alifika ukingoni mwa Mweru, tena akiwa katika msafara wa wafanyabiashara wa pwani, kwa maana bila wao asingepita. Alipofika kwa Mwata Kazembe, kusini yetu, alimkuta Mohamed bin Saleh, mtu wa pwani aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Kiswahili hakikuja huku jana na malori ya Tunduma.

Sasa fikiria habari zote tulizonazo za wakati ule zimetazamwa kutoka wapi. Tippu Tip anaitazama Itabwa akiwa na bunduki mkononi. Livingstone anawaona watu wenye kongwa shingoni wakimpita, anaumia, anaandika katika daftari lake, halafu anaendelea na safari. Hao wote wamesimama ukingoni mwa shimo. Sauti za waliokuwa ndani ya shimo ni chache mno. Mojawapo ni ya Bwanikwa, mwanamke wa nchi ya Waluba, huko ng'ambo ya ziwa, aliyefanywa mtumwa mara kumi kabla ya kuwa huru. Mmisionari Dugald Campbell, aliyefanya kazi katika nchi hizi, alizichapisha habari zake mwaka 1916. Mara kumi, ndugu yangu. Ukisoma jambo kama hilo unaelewa kwa nini mtu angependa zege lisilainishwe.

Wapo wanaoilaumu sanamu ya Mkunazini. Wanasema inawadhalilisha waliotendewa, kwamba imewaacha shimoni milele na mnyororo shingoni, ilhali yule wa Lusaka ameshaukata. Hoja hiyo naiheshimu, maana inatoka kwa watu wanaopenda utu. Lakini sikubaliani nayo. Sanamu ya Lusaka inazungumza habari za taifa; taifa lilishinda. Ya Mkunazini inazungumza habari za mtu aliyeuzwa na hakurudi. Huyo hakushinda. Tukimwinua mikono leo, tutakuwa tumejifariji sisi wenyewe na kumpotezea yeye kitu pekee alichobakiwa nacho, ukweli wa yaliyompata.

Ufundi huu wa kumfanya mtazamaji asimame mahali fulani hauko Unguja peke yake. Afrika Kusini, karibu na mji wa Howick katika jimbo la KwaZulu-Natal, ndipo polisi walipomkamata Nelson Mandela tarehe 5 Agosti 1962. Alikuwa amerudi kutoka safari ndefu ya siri iliyompitisha Mbeya na Dar es Salaam, akaonana na Nyerere, na barabarani siku hiyo alijifanya dereva wa mzungu, akitumia jina la David Motsamayi. Yaani aliishi kwa kuwafanya watu waone kitu kingine. Miaka 50 baadaye, Agosti 2012, mchongaji Marco Cianfanelli alisimamisha mahali hapo nguzo 50 za chuma, zenye urefu wa kati ya mita 6.5 na mita 9.5, zikiwa zimekatwa kwa mashine, kila moja na mikunjo na meno yake.

Ukipita kwa ubavu unaona vyuma tu, vimetawanyika bila mpango. Unaufuata ujia ulioandaliwa, vyuma vinaendelea kuwa vyuma. Lakini ukifika pahali pamoja, kiasi cha mita 35 kutoka kwenye nguzo, vyote vinaungana na uso wa Mandela unakutazama. Songa hatua chache kushoto, unapasuka. Sogea mbele, umepotea. Uso haumo katika nguzo yoyote. Umo katika mpangilio wa nguzo zote pamoja na miguu yako. Mandela huyo huyo alipotoka gerezani Februari 1990, nchi ya kwanza ya nje aliyokwenda ni hii yetu, akapokewa Lusaka, na wazee wengi wanaonisikiliza wanakumbuka.

Howick ni umbali, Mkunazini ni kimo. Kuna kazi ya tatu inayotumia usawa, na hii iko Ghuba, nchini Qatar. Katika jangwa la Brouq, magharibi ya nchi, Mmarekani Richard Serra alisimamisha mwaka 2014 mabamba manne ya chuma, yamepangwa mstari mmoja wenye urefu unaozidi kilomita moja. Mawili yana mita 14.7, mawili yana mita 16.7. Kwa nini hayalingani? Kwa sababu ardhi hailingani. Serra alihakikisha ncha za juu ziko usawa mmoja, kana kwamba fundi ameweka pima maji kutoka bamba la kwanza hadi la mwisho. Mtu anayesimama pale na kudhani jangwa ni tambarare, anayatazama yale mabamba na kugundua kwamba ardhi imepanda na kushuka muda wote chini ya miguu yake na hakujua.

Nayataja hayo kwa sababu sisi tuna pima maji kubwa kuliko ya Serra. Ziwa hili lina kiasi cha kilomita za mraba 5,000, na katika upana wake linakaribia kilomita 56. Mchana wa jua kali na moshi wa nyika zinazochomwa mwezi wa Septemba, ng'ambo ya Kongo hakuonekani kabisa. Mgeni anaweza kuapa kwamba amefika baharini. Mvua ikishanyesha na hewa ikasafishika, milima inajitokeza, unaona hata mabonde yake. Ziwa ni lile lile, macho ni yale yale.

Tena kuna hesabu ambayo kila mvuvi anaijua kwa mwili wake hata kama hajaiandika. Mtu mzima akisimama ukingoni mwa maji, upeo wa macho yake uko kama kilomita 4 na nusu tu. Baada ya hapo dunia inajikunja, na maji yanaanza kuula mtumbwi kutoka chini kwenda juu. Akipanda mwinuko wa mita kumi, upeo unasogea hadi kilomita 12 hivi, na mtumbwi uliokuwa umezama unarudi. Ndiyo maana mama anayemngoja mtu wake hakai ufukweni chini, anapanda.

Na asubuhi za Juni na Julai, maji yakiwa na joto kuliko hewa, hutokea mazigazi. Ile hewa inayougusa uso wa ziwa inapashwa moto na maji, ya juu yake inabaki baridi, na mwanga unaopita hapo unapinda. Macho hayajui kwamba mwanga umepinda. Yanaamini umekuja moja kwa moja. Basi kisiwa kilicho mbali kinaonekana kimeinuliwa, chini yake kuna mstari wa mbingu, kama kitu kilichotundikwa hewani. Watu huona hivyo, wanasema, na wengine hukataa kusema. Usiku nako, wavuvi wa chisense, wale samaki wadogo kama dagaa, wakiwasha taa zao, zamani karabai na siku hizi taa za betri, ziwa linapata mji usiokuwepo mchana.

Watu waliokua mahali kama hapa hawahitaji kufundishwa kwamba kuona kunategemea pa kusimama. Wamekula kwa elimu hiyo. Ndiyo maana inanikera, nasema wazi, tunapofikiria kumbukumbu yoyote ya huku tunafikiria kibao cha bati au mtu juu ya jukwaa la matofali.

Pendekezo langu ni hili. Ule mnyororo wa Mkunazini una ncha mbili. Ncha moja imewekewa sanamu inayojulikana duniani. Ncha nyingine iko huku, katika njia zilizotoka Mweru, Itabwa na ng'ambo ya Mto Luapula, na huku hakuna kitu. Iwekwe kazi moja ya sanaa ufukweni mwa Chienge, na itumie macho ya ziwa hili. Maji ya Mweru hupanda na kushuka kila mwaka kwa wastani wa mita 1.7, hujaa kufikia Mei na kupungua kufikia Januari. Sasa fikiria watu wa zege wamesimamishwa katika maji ya kina kifupi, vichwa vyote vikiwa katika usawa mmoja. Mwezi wa Januari wanaonekana mpaka magotini. Machi wanaonekana mpaka kiunoni. Mei umebaki utosi, au wametoweka kabisa, na mgeni aliyekuja Mei hataelewa wenyeji wanaonyesha nini majini. Atalazimika kuuliza, na mtu atalazimika kumweleza. Hapo ndipo kumbukumbu inapoanza kufanya kazi, watu wanapoambiana.

Nisingependa iige Mkunazini. Kule mtazamaji anasimama aliposimama mnunuzi, kwa kuwa kule palikuwa sokoni. Huku hapakuwa sokoni. Huku palikuwa nyumbani. Anayetazama kutoka ufukwe wa Chienge anasimama waliposimama waliobaki: mama, mume, ndugu, wakitazama watu wao wakitoweka. Zikipangwa vizuri, sanamu hizo zingetazama upande mmoja, mbali na ufukwe, na sisi tungeona visogo. Hakuna sanamu ninayoijua iliyojengwa kutoka mahali pa kusimama pa yule aliyeachwa.

Najua maswali yatakayokuja, nayo ni ya haki. Nyavu zitanasa. Kwa hiyo wavuvi ndio waulizwe kwanza kabla ya mchongaji, wao ndio waonyeshe mahali ambapo hapapiti nyavu wala mitumbwi. Mamba na viboko nao wana sehemu zao. Halmashauri itauliza fedha, na machifu watauliza nani anapewa heshima ya kusemewa, kwa kuwa biashara ile ilikuwa na washirika hata miongoni mwa wenyeji, na familia zao zipo. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko zege. Sipendi lifichwe. Sanamu isiyo na jina la mshindi wala la mshindwa inaweza kulibeba vizuri kuliko hotuba.

Na kuna jambo ambalo hakuna halmashauri inayoweza kulisimamia, yaani watu watakachoona. Huko Grenada, katika visiwa vya Karibi, Mwingereza Jason deCaires Taylor aliweka chini ya bahari, katika ghuba ya Molinere, duara la watoto wa saruji walioshikana mikono. Umbo lao alilichukua kwa watoto wa hapo hapo. Yeye alifikiria habari za kukua na kubadilika, na jinsi mazingira yanavyomuumba mtu. Watu weusi waliozitazama picha zake wakaona kitu kingine: Waafrika waliotupwa baharini kutoka kwenye meli za utumwa. Mchongaji alieleza kwamba hakukusudia hivyo, na tafsiri ile haikurudi nyuma. Waliotazama walikuwa na wafu wao, na wafu hao walihitaji mahali. Mimi nasema walikuwa na haki. Ikiwa siku moja kutakuwa na watu wa zege ndani ya Mweru, wako watakaoona watumwa, wako watakaoona wavuvi waliozama, na upande wa Pweto na Kilwa wako watakaoona jamaa zao waliovuka maji haya wakikimbia vita vya Kongo. Kazi iwe pana kiasi cha kuwapokea wote hao.

Walimu wanaonisikiliza, ninyi hamhitaji kungoja fedha wala mchongaji. Kusanyeni fito 50 zilizonyooka, zikateni kwa urefu mbalimbali, mzichimbie chini kwenye uwanja wa shule bila kuzipanga safu, halafu mtafute na wanafunzi pahali pamoja ambapo ncha zake zinachora mgongo wa kisiwa cha Kilwa cha humu ziwani au umbo la mtumbwi. Mtarudia mara nyingi. Mtoto mmoja asimame pahali pale pa kutazamia na kupiga kelele, "Shusha ile! Inua hii!" na wenzake washushe na kuinua. Hapo mtakuwa mmefundisha hesabu, jiografia na sanaa kwa asubuhi moja, na watoto watakuwa wameelewa kazi ya Howick bila kupanda basi.

Kwa wazee wa ufukweni neno langu ni la kalenda. Kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari uvuvi umefungwa kwa sheria, ili samaki wazaliane. Katika miezi hiyo hiyo, Januari, maji ndiyo yanakuwa chini kuliko wakati wote. Mitumbwi imevutwa nchi kavu, vijana wapo nyumbani, na tope la kando limejitokeza. Kama mahali patachaguliwa, hakuna wakati bora wa kutembea kwa miguu, kuchomeka vijiti majini na kuviacha, kisha mwezi wa Mei kurudi kuangalia ni vipi vimefunikwa na ni vipi bado vinaonekana.